Kwato za Ng'ombe Asiyetoka Bandani

Maneno tuliyowaambia wafugaji, wazee wa vijiji na walimu wa Bukoba na Muleba



Hatukuja leo kuzungumza habari za ndigana wala za kupe, wala za bei ya maziwa, ingawa pengine hayo ndiyo mliyotaka kuyasikia. Tumekuja kusema habari za kwato. Tumeingia katika mabanda mengi, Katerero na Maruku, Kamachumu na Nshamba, na mahali pengi tumeona jambo moja: ng'ombe amenawiri, ngozi yake yang'aa, mbele yake pana majani tele, lakini kwato zake zimepinda juu kama pua ya mtumbwi. Tukimwuliza mwenyewe, hujibu kwamba ndivyo alivyo, au kwamba ni desturi ya ng'ombe wa kisasa. Si desturi yao hata kidogo.

Tuanze na zamani, maana huko ndiko jambo hili linakoeleweka. Ng'ombe wa babu zetu walilala nyumbani pamoja na watu, juu ya majani yaliyotandikwa, na asubuhi mchungaji aliwapeleka rweya. Huko walitembea mchana kutwa juu ya changarawe na mawe mekundu, wakipanda vilima na kushuka mabondeni kunywa maji. Ukwato wa ng'ombe hukua kama ukucha wa mtu, kiasi cha milimita 5 kwa mwezi, na yale mawe ya rweya yaliusaga kwa kiasi hicho hicho. Hapakuwa na haja ya kisu. Mpaka leo ukiwatazama ng'ombe wa pembe ndefu wanaozunguka katika ranchi za Muleba, kama ile ya Kagoma, utaona kwato fupi, ngumu, zilizokaa sawasawa, wala hakuna mtu aliyezikata.

Kisha mambo yakabadilika. Malisho yalipungua, kupe walizidi kuua, na ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Ulaya hawakuweza kuvumilia ndigana kali kama wale wa kienyeji. Katika miaka ya 1980 na 1990 mitamba mingi chotara wa Kifrisia iligawiwa kwa mikopo ya mifugo, kama ile ya mradi wa KALIDEP uliosaidiwa na Uholanzi, na wenye kuipokea waliambiwa wawafunge bandani na kuwakatia majani. Shauri hilo lilikuwa jema, nasi hatulilaumu. Maziwa yalipatikana, na samadi ikakusanyika mahali pamoja, karibu na migomba. Ninyi mwajua kwamba udongo wetu, hasa wa ufukweni Bukoba ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, huoshwa rutuba yake kila masika, na kibanja kisicho na samadi hakikawii kuchoka. Lakini ukwato haukupata habari kwamba ng'ombe amehamia bandani. Ulizidi kukua milimita 5 kila mwezi kama kwamba mawe ya rweya bado yangali chini yake. Katika mwaka mmoja hiyo ni sentimeta 6. Ng'ombe aliyekaa bandani miaka mitatu bila kukatwa amebeba mzigo ambao babu zake hawakuujua.

Tutasema mzigo huo ni wa namna gani. Ncha ya ukwato ikirefuka, ng'ombe hawezi kuikanyagia. Huinuka juu, na uzito wote hurudi nyuma kwenye kisigino. Yeyote kati yenu aliyepata kuvaa viatu virefu mno mbele atafahamu. Miguu ya nyuma ndiyo huumia kwanza, na katika kila mguu wa nyuma ule ukwato wa nje ndio hubeba zaidi. Ndani ya ukwato mna mfupa mdogo, na kati ya mfupa huo na wayo mna nyama hai yenye damu. Uzito unaporudi nyuma, mfupa huibana nyama ile juu ya wayo, mahali pale pale kila siku, karibu na kisigino upande wa ndani. Nyama huvilia damu, wayo huacha kuota vizuri, na mwishowe hufunguka tundu. Hicho ndicho kidonda cha wayo. Kwa juu hukioni, maana samadi imekifunika. Unaona tu ng'ombe amepinda mgongo akisimama, anapokezanya miguu, analala kutwa, wala hakimbilii hori majani yanapoletwa.

Watu wengi husema, "Mguu si ugonjwa." Twawaomba wale wasemao hivyo wapime maziwa yao. Ng'ombe mwenye maumivu hali vya kutosha, na asiyekula hana maziwa. Tena kuna hasara nyingine ambayo ni kubwa zaidi, nayo haionekani ndooni: ng'ombe mchechemevu haonyeshi joto. Hapandi wenzake wala hasimami apandwe. Siku zake hupita mwenyewe asijue, na fahali haitwi, wala mtaalamu wa uhimilishaji haitwi. Mwaka huisha bila ndama. Ndipo mchinjaji hupita mlangoni, akamtazama mguu, akataja bei ya kilema.

Sasa yatupasa tuungame kosa letu wenyewe, maana si haki kuwafundisha wengine huku tukiwaficha tulivyojifunza. Tulikuwa na ng'ombe wa mkopo, chotara mweusi mwenye baka jeupe, akitoa lita 9 kwa siku. Kwato zake zilirefuka nasi tukaona aibu mbele ya wageni. Tukamwita kijana mwenye nguvu, tukamfunga ng'ombe, tukachukua patasi na panga lililonolewa vizuri. Ncha tulizikata, na hilo lilikuwa sawa. Lakini tulipofika kwenye wayo tukapendezwa na kazi yetu. Kila tulipokwangua, uchafu mweusi ulitoka na weupe ukaonekana; tukakwangua tena, mpaka wayo ukameremeta kama bakuli la kauri, na mahali pengine ukawa na rangi ya waridi. Tukasifiana. Jioni ile alitembea vizuri juu ya majani. Siku ya tatu tulimtoa nje, akakanyaga changarawe ya njia, akarudi nyuma kama aliyekanyaga makaa. Baada ya juma moja usaha ulikuwa umetunga ndani ya ukwato. Maziwa yalishuka hata lita 3. Hakushika mimba kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, na mtamba tuliokuwa tumeahidi kumlipa jirani yetu, mjane aliyefuata katika orodha ya mkopo, haukuzaliwa. Mama yule alikuwa amekwisha jenga banda. Alipita mbele ya nyumba yetu kila siku akienda kisimani, akatusalimu kwa heshima, wala hakutuuliza neno. Ingalikuwa nafuu kwetu kama angetuuliza.

Basi, ndugu zetu, katika yote tutakayosema leo hili ndilo tunalotaka mwende nalo: kata ncha, lakini uuache wayo. Ncha ndiyo iliyozidi. Wayo haukuzidi, wayo ndio kiatu chake.

Kosa letu hilo si la watu wa Bukoba peke yao. Farasi kwetu hawapo, kwa kuwa nagana inayoletwa na mbung'o huwaua. Lakini katika Ulaya na Marekani wapo watu waliowavua farasi wao viatu vya chuma wakawaacha watembee kwa kwato zao tupu. Wengi hufanikiwa. Wengine huona farasi wao wakichechemea juu ya kokoto ndogo, na sababu kubwa ni hiyo hiyo: mkata kwato alipenda wayo safi na mtupu, akaukwangua mpaka ukawa mwembamba, na kila jiwe likamfikia nyama. Mnyama ni mwingine na ukwato ni mmoja badala ya mbili, lakini kisu kimefanya kosa lile lile.

Namna ya kukata tuliijifunza baadaye, nayo ndiyo inayofuatwa sasa katika nchi nyingi. Iliandikwa na kuenezwa na mganga wa mifugo wa Uholanzi aitwaye Toussaint Raven, aliyefundisha katika chuo cha Utrecht. Tutaieleza kwa maneno ya nyumbani. Chukua rula ya mtoto wa shule. Weka mwanzo wake pale manyoya yanapokwisha na ukwato mgumu unapoanza, upande wa mbele, kisha shuka nayo mpaka usome sentimeta 7.5. Hapo weka alama. Kinachozidi alama hiyo ndicho cha kukatwa, kwa koleo la kwato. Kwa ng'ombe mzima usikate zaidi ya hapo, hata kama wenzako wanasema bado ni mrefu. Katika mguu wa nyuma anza na ukwato wa ndani, kwa kuwa huo ndio ulio na umbo jema. Ukiisha, ufanye ule wa nje ulingane nao kwa urefu na kwa kimo, ili zote mbili zibebe uzito sawa. Katika mguu wa mbele anza na wa nje.

Ukiisha kukata ncha, utaona mbele ya ukwato pamekuwa butu. Hapo waweza kupunguza kidogo chini, upande wa mbele tu, ili ukwato ukae bapa juu ya ardhi. Lakini acha unene wa milimita 5 hadi 7 kwenye ncha ya wayo, yaani kama unene wa penseli ya shule. Kisigino cha ukwato wa ndani usikiguse. Kisha katikati ya wayo, karibu na mwanya unaotenga kwato mbili, chimba kidogo kama ukingo wa kijiko, ili matope yasikae na mahali pale panapoota kidonda pasibebe uzito. Bonyeza wayo kwa kidole gumba. Ukiwa mgumu kama ubao, ni vizuri. Ukinesa hata kidogo, au ukiona rangi ya waridi, weka kisu chini. Hakuna aliyepata kumrudishia ng'ombe wayo kwa kuujutia. Hurudi wenyewe, milimita 5 kwa mwezi, na wewe hungoja.

Panga lisitumike. Panga halijui mahali pa kuacha. Kisu cha kwato chenye ncha iliyopinda, koleo, na tupa ya kulainisha ukingo vyatosha, navyo haviwi mali ya mtu mmoja; kikundi cha wafugaji kumi chaweza kuchanga na kuvinunua. Ila visihamishwe kutoka banda hadi banda vikiwa na uchafu. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, sote tumefundishwa kupitisha panga motoni au kulichovya dawani kabla ya kwenda shina jingine. Kisu cha kwato nacho hubeba magonjwa vivyo hivyo. Kioshwe kwa sabuni, kichovywe dawa, ndipo kiende kwa jirani.

Habari ya kumshika ng'ombe: asiangushwe chini kwa kamba, hasa mwenye mimba. Asimamishwe ndani ya kizimba cha miti imara, na mguu wa nyuma ufungwe kamba pana juu ya goti la nyuma, uvutwe juu ya boriti na mtu aishike kamba kwa mkono, tayari kuiachia. Wakati mwema ni pale anapokaushwa maziwa, kiasi cha miezi miwili kabla ya kuzaa. Juma za mwisho za mimba mwacheni apumzike. Kwa kawaida kumtazama mara mbili kwa mwaka kwatosha. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, ukwato huwa mgumu kama pembe. Funga gunia bichi lenye maji usiku mmoja, asubuhi kazi itakuwa rahisi.

Na kama kidonda cha wayo kimekwisha tokea? Ondoa ukwato uliolegea pembeni mwake, polepole, bila kuitoa damu nyama iliyo hai. Punguza kimo cha kisigino cha ukwato mgonjwa, ili ule mzima ubebe uzito na mgonjwa upumzike. Wataalamu hugundisha kibao cha mti chini ya ukwato mzima kwa kazi hiyo hiyo, na mwenye kuweza kumpata mtaalamu wa namna hiyo asisite. Zaidi ya hapo ni majani makavu ya kulalia, na subira.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihusishi na miguu, nalo ni chakula. Ng'ombe akizaa, mwenyewe hufurahi na kutaka maziwa mengi upesi. Humwaga pumba, mahindi yaliyosagwa, na machicha, kwa ghafula, tena kabla ya majani. Tumbo hugeuka kuwa chachu, na uchachu huo huenda ukadhuru mishipa midogo ya damu ndani ya kwato. Hatuoni kitu siku ile. Damu iliyovilia hufunikwa na wayo unaoota, na hutokea chini ya kisu miezi miwili baadaye, kama madoa mekundu au ya njano. Mwenyewe hulaumu jiwe alilokanyaga jana. Mkiyaona madoa hayo, hesabuni nyuma miezi miwili mjiulize ng'ombe alikuwa akilishwa nini. Mara nyingi mtakuta ndizo juma za kwanza baada ya kuzaa. Pumba iongezwe kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au matatu, na kila mara majani yatangulie.

Sasa sakafu. Ng'ombe hutaka kulala saa 12 au zaidi kila siku, na kila saa anayolala kwato zake hupumzika. Banda ambalo mahali pa kulala ni tope na mkojo humfanya asimame usiku kucha, na ukwato uliolowa hulainika kama sabuni. Wazee wetu walitandika majani nyumbani kila siku. Hatuoni sababu kwa nini ng'ombe aletaye maziwa anyimwe kilichokuwa haki ya ng'ombe wa babu. Inua mahali pa kulala, weka mteremko, chimba mfereji utakaopeleka mkojo kibanjani. Saruji mpya iliyo kali kama tupa ni mbaya vile vile, maana husaga wayo. Isuguliwe kwa tofali kabla ng'ombe hajaingia.

Katika tope ndimo unamopatikana uozo wa kwato. Mguu huvimba ghafula juu ya kwato, pande zote mbili sawa, mwanya hupasuka na kutoa harufu ya kuoza, na ng'ombe huwa na homa. Huo si wa kukatwa kwa kisu. Huo ni wa sindano, na mapema, kwa mkono wa mganga wa mifugo. Maziwa ya siku zile zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hayauzwi wala hayanywewi. Kwa kuuzuia usirudi, mrututu ni dawa nzuri: nusu kilo katika lita 10 za maji, miguu ikiwa imeoshwa kwanza, kwa kuwa samadi huiua nguvu yake. Usiutie juu ya kidonda kilichofunua nyama. Maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala kwenye shimo la samadi. Yamwagwe katika shimo lililo mbali na maji na migomba, na kondoo wasiyafikie, kwa kuwa shaba huwaua.

Lakini mkiona ng'ombe wawili watatu wanachechemea kwa siku mbili, tena wanatoa mate mengi, na mna malengelenge ulimini na katikati ya kwato, acheni kisu na mrututu pia. Huo huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Mnyama asitoke wala asiingie, mtu asiende kuwatazama na kisha kurudi bandani kwake, na Afisa Mifugo wa kata aarifiwe siku ile ile. Walimu, hapa twawategemea ninyi, kwa kuwa mtoto wa shule ndiye mara nyingi anayekata majani na kuona wa kwanza.

Mtatuuliza ng'ombe wetu yule aliishia wapi. Wayo uliota upya. Tulimtandikia majani makavu, hatukumgusa kwa kisu miezi minane, naye akarudi hata lita 7, hakuzidi hapo. Kisha alishika mimba, akazaa jike, na mtamba huo tulimpelekea yule mama jirani yetu alipofikisha umri wa kutolewa. Alikuwa amechelewa karibu miaka miwili. Banda alilolijenga lilikuwa limeoza nguzo mbili, nasi tulizibadilisha kwa mikono yetu.

Mtamba ule sasa ni ng'ombe mzima, na majuma mawili yaliyopita mama huyo alituita atuonyeshe kwato zake. Zimefika sentimeta 10. Amekubali tuzikate mbele ya wote wanaotaka kujifunza, kesho asubuhi, umande ukiisha. Kizimba kipo, koleo lipo. Mwenye tupa aje nayo, na kila mtu aje na rula.